Mwili wa Darubini

Katika kila chombo kilichoundwa na mkono wa mtu mna sehemu inayosifiwa na sehemu inayosahauliwa. Jahazi husifiwa kwa tanga lake, lakini mkuku uliozama majini hautajwi. Ngoma husifiwa kwa ngozi yake, na mzinga wa mti ulioibeba ngozi hiyo husahauliwa. Darubini nayo husifiwa kwa kioo. Mtu akisikia habari za darubini huuliza kioo chake kina upana gani, na hukuza vitu mara ngapi. Ni nadra sana kumsikia akiuliza mwili wake umeundwa kwa kitu gani. Mimi nataka, msomaji, kukusimulia habari za mwili huo usioulizwa. Nilipata kupewa kazi ya kuuchagulia kitu cha kuundwa nacho, na katika kuchagua nilifundishwa mambo ambayo kioo peke yake kisingalinifundisha.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya darubini yenyewe. Neno hili ni la asili ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kionacho mbali. Zipo darubini za lenzi, ambazo nuru hupenya ndani ya kioo chake. Na zipo darubini za kioo kinachorudisha nuru, mfano wa kile cha kujitazamia uso, isipokuwa hiki kimebonyea katikati kama kisahani. Darubini ya kwanza ya namna hii ya pili iliyofanya kazi iliundwa na Isaac Newton wa Uingereza mwaka 1668. Urefu wake haukufika shibiri moja, na kioo chake, ambacho kilikuwa cha madini, kilikuwa na upana wa milimita 33 hivi. Lakini njia ya nuru aliyoibuni ndiyo tuitumiayo hata leo. Nuru ya nyota huingia kinywani mwa bomba, hushuka hadi kwenye kioo kikubwa kilicho chini, hurudishwa juu ikijikusanya mfano wa faneli, na kabla haijakutana hugonga kioo kidogo bapa kilichoinamishwa. Kioo hicho huigeuza ubavuni, hadi kwenye lenzi ndogo ambapo mtazamaji huweka jicho lake. Mahali miale inapokutana huitwa fokasi.

Basi, kazi za mwili wa darubini ni nne. Ya kwanza ni kuvishika vioo viwili mahali pake bila kutetereka. Ya pili ni kuzuia nuru isiyotakiwa, kama ile ya taa za barabarani, isiingie kwa ubavuni. Ya tatu ni kukikinga kioo na vumbi, umande na pumzi za watazamaji. Ya nne ni kutoisumbua hewa ambayo nuru hupita ndani yake. Kazi tatu za mwanzo kila mtu huzifahamu akiambiwa. Ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo iliyotutesa.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya Nakuru. Ulikuwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mji huo kutangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Rafiki wa shule alitupa zawadi ya kioo kimoja cha darubini, chenye upana wa milimita 150 na fokasi ya milimita 1,200. Kilifika kimeviringishwa kwa pamba kama mtoto mchanga. Wanafunzi walikizunguka wakishindana kuziona nyuso zao zilizofura ndani yake, nami nikawaeleza kuwa uso wa kioo kile umesuguliwa kwa uangalifu usiokubali kosa hata la sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Waliposikia hivyo walirudi nyuma hatua moja wote pamoja.

Kioo kilikuwapo, lakini mwili haukuwapo, na fedha ya klabu yetu ya nyota haikufika shilingi elfu nne. Juu ya hayo, nilikuwa nimekwisha kupata barua ya uhamisho. Mwisho wa mwaka ningeondoka Nakuru, na darubini ingebaki mikononi mwa vijana. Jambo hili liliniletea kumbukumbu chungu. Katika shule moja niliyopata kufundisha kabla ya hapo mlikuwa na kabati la hadubini nzuri zilizotoka ng'ambo. Zilikaa humo miaka mingi bila kutumika, kwa sababu skrubu ndogo za namna yake zilipotea na hapana aliyejua mahali pa kuzipata. Vizazi vya wanafunzi vilipita mbele ya kabati lile, vikatazama vyombo vya kutazamia, visitazame kwavyo kitu chochote. Kwa hiyo sikutafuta mwili uliokuwa mzuri siku ile tu. Nilitafuta mwili ambao ungeweza kuugua na kupona mimi nisipokuwapo.

Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu pamoja, maana kabla ya kuuliza chombo kiundwe kwa nini, hatuna budi kujua kiwe kikubwa kiasi gani. Kioo chetu kilikuwa na upana wa milimita 150. Bomba likikibana, hewa haitapata pa kupita. Tuliacha milimita 25 kila upande, upana wa ndani ukawa milimita 200. Kioo kidogo hukaa katikati ya bomba. Kutoka hapo hadi ukingoni ni milimita 100, na kutoka ukingoni hadi fokasi, nje kidogo ambapo lenzi ya jicho hushikwa, ni milimita 100 nyingine, jumla 200. Toa 200 katika 1,200, zitabaki 1,000: huo ndio umbali wa kutoka kioo kikubwa hadi kidogo. Mahali hapo faneli ya nuru imekwisha kupungua upana wake. Zidisha 150 kwa 200, ugawe kwa 1,200, utapata milimita 25. Kioo kidogo sharti kizidi kiasi hicho kidogo, ili kando za picha zisififie. Chetu kilikuwa cha milimita 35. Ongeza milimita 170 juu yake za kuzuia nuru ya pembeni, na milimita 80 chini ya kioo kikubwa za kukishikia: urefu wa bomba ni milimita 1,250. Ndani ya bomba hilo kioo cha uzito wa kilo moja na kidogo kingelala chini, kikikusanya nuru zaidi ya mara 400 ya ile iingiayo katika jicho la mtu gizani.

Nilipowaandikia vipimo hivi ubaoni, ubishi ulianza. Wavulana wengi walitaka mabati. Walisema darubini wanazoziona vitabuni hung'aa, na kwamba mafundi wa jua kali wa Nakuru, ambao hutengeneza majiko, masanduku na mifereji ya maji kila siku, wangeweza kulikunja bomba lile kwa muda wa asubuhi moja. Wengine walitaka bomba nene la plastiki, lile la maji machafu, kwa sababu limekwisha kuwa bomba tayari. Kazi yake ni kukata tu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye baba yake alikuwa seremala, alisema plaiwudi. Alichekwa. Aliambiwa kwamba anataka kutuundia kabati la vyombo.

Sikumtetea wala sikuwatetea waliomcheka, maana kila upande ulikuwa na haki yake. Mabati ni magumu, hayaogopi mchwa, na yakikunjwa vema hayapindi. Bomba lenye unene wa nusu milimita lingekuwa na uzito wa kilo tatu tu. Lakini likigongwa hubonyea, na likishabonyea halirudi. Plastiki haiozi wala haishiki kutu, lakini bomba la ukubwa ule lina uzito wa kilo tano au zaidi, na likiachwa juani upande mmoja hupata joto na kutanuka kuliko wa pili, likajipinda. Karatasi ngumu ni nyepesi na huifanyia hewa hisani kubwa. Mirija ambayo mazulia na vitambaa huviringishwa juu yake ni ya karatasi kama hiyo, lakini tuliyoipata madukani ilikuwa myembamba, na mvua ni adui yake. Mtoto mmoja alitaja hata mwanzi wa milimani, wa msitu wa Mau. Wazo lilikuwa jema, kwani mwanzi ni bomba lililoundwa na Mungu, nasi huita hata tundu la pua mwanzi wa pua. Lakini hapana mwanzi wa kumeza kioo cha milimita 150.

Mabishano yakawafikisha wanafunzi kwenye jambo la kunywea na kutanuka. Walikuwa wamejifunza kuwa vitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, wakadhani kuwa hapa ndipo penye hukumu. Tukapiga hesabu. Joto likishuka nyuzi 15, chuma cha urefu wa mita moja hunywea kadiri ya milimita 0.2, aluminiamu hunywea karibu mara mbili ya hapo, plastiki ya mabomba huweza kukaribia milimita nzima, mbao, kwa urefu wa nyuzi zake, haifiki hata milimita 0.1. Tofauti ni kubwa, lakini dawa yake ni rahisi. Mtazamaji husogeza lenzi ya jicho kidogo tu, na picha hurudi kuwa kali. Kwa hiyo hatukukataa kitu chochote kwa sababu hiyo. Jambo linalozungumzwa sana si lazima liwe ndilo lenye kuamua.

Lililoamua lilikuja kwa njia ambayo sikuitazamia. Siku ya wazazi kutembelea shule, mzee mmoja kutoka upande wa Mau, babu wa mwanafunzi wetu, alisimama mbele ya ule ubao wenye vipimo akauliza, "Mwalimu, mwataka kutundika mzinga?" Nikamjibu, "La, Mzee, ni chombo cha kutazamia nyota." Akasema, "Urefu huu na upana huu ni wa mzinga wa nyuki. Sisi huuchonga kwa gogo la mtarakwa. Wapo waliojaribu kuweka nyuki katika madebe. Mchana nyuki huungua, usiku huganda, nao huhama." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Nyuki hapendi nyumba inayobadilika-badilika."

Maneno ya mzee yule yalinikaa moyoni, kwa kuwa hewa iliyo ndani ya darubini ni kama nyuki: haipendi nyumba inayobadilika-badilika. Hewa ya joto na hewa ya baridi hazipitishi nuru kwa namna moja. Zikichanganyika, miale hupindwa huku na huku, na nyota huchezacheza kama changarawe ionekanayo chini ya maji ya kijito. Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,850. Mchana jua la Bonde la Ufa huchoma, na usiku, mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake upesi. Kitu chembamba kilichopakwa rangi hulimwaga joto lake angani hata kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hewa inayokigusa hupoa, huwa nzito, huteremka kwenye ukuta wa bomba, na nyingine hupanda mahali pake. Hivyo hutokea kijito cha hewa kinachozunguka ndani ya njia ya nuru, na kioo chako kizuri, kilichosuguliwa kwa uangalifu wa ajabu, hutazama nyota kupitia kijito hicho.

Basi tukafanya jaribio. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi, tulitengeneza mabomba matatu mafupi yenye urefu mmoja: la mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, la plastiki, na la plaiwudi. Saa moja ya usiku tukayatoa uwanjani, tukayaelekeza juu. Kila nusu saa wanafunzi waliyapapasa, wakasoma kipimajoto, na kuweka kijiti cha udi kinachofuka moshi kinywani mwa kila bomba, kisha wakamulika kurunzi. Hewa ilishuka kutoka nyuzi 19 hadi nyuzi 12 ilipofika saa nne. Bomba la mabati lilikuwa limelowa umande nje, na ukuta wake wa ndani ulikuwa baridi kama wa nje. Moshi wa udi uliteremka ubavu mmoja na kupanda ubavu wa pili, kama watu wanaopishana ngazini. Katika plastiki moshi uliyumba kidogo. Katika plaiwudi, ambayo nje ilikuwa imeanza kupata unyevu, ndani mlikuwa mkavu, na moshi ulining'inia katikati kana kwamba umesahau njia. Hakuna aliyecheka tena. Yule msichana hakusema neno. Alichukua kurunzi akatazama mara ya pili, kama afanyavyo mtu mwenye akili hata anapoona kwamba amesema kweli.

Sitaki uondoke na wazo kuwa mabati ni kitu kibaya. Mwenye mabati aweza kuyatandika ndani kwa koki au karatasi nene, naye akapata utulivu. Tena mbao ina aibu yake: huhifadhi joto la mchana, na ikiwa bomba limezibwa chini, joto la kioo halina pa kutokea. Kwa sababu hii tuliacha nafasi wazi nyuma ya kioo, tukaweka sheria kwamba darubini itolewe nje saa nzima kabla ya kutazama. Kila kitu kina dawa. Mwenye kuchagua huchagua pia dawa ambayo yuko tayari kuitumia kila siku.

Palibaki shaka moja. Baadhi ya wanafunzi waliona haya. Walifikiri kuwa darubini ya mbao ni ya maskini, na kwamba wageni wakija wataidharau. Niliwasomea habari za waliotutangulia. William Herschel alikuwa mwanamuziki katika mji wa Bath huko Uingereza, na alijitengenezea darubini nyumbani kwake. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 16 hivi, karibu sawa na chetu, na mwili wa mbao, aliona kitu ambacho baadaye kilijulikana kuwa sayari mpya, Uranus. Baadaye alijenga darubini kubwa mno, iliyokamilika mwaka 1789, yenye kioo cha upana wa mita 1.2 na bomba la chuma ambalo wageni waliweza kutembea ndani yake kabla kioo hakijawekwa. Lakini lile jitu lilikuwa gumu kulitumia, naye aliendelea kupendelea darubini ndogo kuliko hiyo. Mwaka 1845 huko Birr, Ireland, bwana mmoja aitwaye Lord Rosse alisimamisha darubini yenye kioo cha mita 1.8, bomba lake liliundwa kwa mbao zilizofungwa pamoja kama pipa, na kwa darubini hiyo aliona umbo la mzunguko kama wa konokono katika mojawapo ya mawingu ya nyota ya mbali. Karibu zaidi na zama zetu alikuwapo John Dobson, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufa mwaka 2014. Alikuwa mtawa katika jimbo la California huko Marekani, na kwa kukosa fedha aliunda darubini kwa mirija ya karatasi ngumu na masanduku ya plaiwudi, akaziweka kando ya barabara ili mpita njia yeyote atazame mwezi bila malipo. Leo namna yake ya kuunda hufuatwa ulimwenguni kote, na viwanda huiiga.

Tena niliwakumbusha kuwa si mbali na Nakuru, katika bonde letu hili, mna kioo kisicho na bomba hata kidogo. Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha mawasiliano cha Longonot, chenye sahani kubwa ya madini iliyojengwa kupokea mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti. Sahani hiyo ni kioo kwa mawimbi ya redio, kama chetu kilivyo kioo kwa nuru, nayo husimama uchi mbele ya jua na mvua, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu na hayasumbuliwi na vijito vidogo vya hewa. Kila kazi ina mwili wake. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Sisi tuliugeuza msemo huo: chombo chetu kingekuwa kipande cha mti nje, na uzuri wake ukawa ndani.

Tulinunua karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 6, ya futi 8 kwa 4. Fundi seremala, baba wa yule msichana, alitupa vipande vya saiprasi kwa ajili ya pembe nne, akakataa malipo. Badala ya bomba la mviringo tuliunda sanduku refu la pembe nne, kwa maana plaiwudi hupenda kukaa bapa, na kwa maana katika sanduku pembe hubaki wazi: hewa ya joto hupanda pembeni humo bila kuikata njia ya nuru, ambayo ni ya mviringo. Tulitumia gundi ya mbao na skrubu za kawaida, zile zinazopatikana katika kila duka la vifaa. Ndani tulipaka rangi nyeusi ya ubao wa darasani, na ingali mbichi tukaitupia unga wa msumeno, kisha tukapaka tena, ili uso uwe wa kukwaruza usiorudisha nuru. Nje tulipaka vanishi mara tatu, tusiache hata ncha za mbao, kwani mbao hunywa maji kwa ncha zake. Uzito wote, pasipo kioo, ulikuwa kilo tano hivi. Kutokana na karatasi ileile tulipata kitako cha kuigeuza, na kipande kikubwa kikabaki. Mmoja alitaka kukiuza. Nilikataa, nikakiandika kwa chaki: AKIBA.

Mwezi wa Septemba tuliipandisha hadi ukingo wa kasoko ya Menengai, tukawa na taa za jiji mgongoni na giza la kasoko mbele yetu. Nakuru iko karibu sana na ikweta, hata mtu aliye hapo huweza katika mwaka mmoja kuona nyota za kaskazini na Msalaba wa Kusini pia. Watu wa nchi nyingi wamenyimwa mojawapo. Wazee wetu walizijua nyota hizi bila darubini, na kwa Kilimia walijua majira ya kulima. Usiku ule tulielekeza sanduku letu kwenye Zohali, kwa lenzi ya jicho iliyokuza mara 48. Wanafunzi walipiga mstari. Mmoja mmoja aliinama, akanyamaza, kisha akainuka na uso mwingine. Pete ya sayari ile ilikuwapo, ndogo, kali, imetulia kama pete halisi juu ya kitambaa cheusi. Yule mvulana aliyesema kabati la vyombo alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akamwambia msichana, "Dada, kabati lako limehifadhi vyombo vikubwa."

Hapa sharti nikuonye, msomaji, kabla sijasahau: usielekeze kamwe darubini yoyote kwenye jua na kutazama. Kioo kinachokusanya nuru ya nyota hukusanya na moto wa jua, nao hupofusha jicho kwa mara moja, wala jicho halina duka la vifaa. Sisi tulitengeneza kifuniko cha mbao chenye kitasa, na mchana kilifungwa.

Niliondoka Nakuru mwisho wa mwaka. Mvua za mwaka uliofuata nilipata barua kutoka kwa klabu. Paa la ghala lilivuja, maji yakaingia katika darubini, na ubao mmoja wa ubavuni ukafumuka tabaka zake. Moyo wangu ulishuka nilipofika hapo; nikaliona lile kabati la hadubini. Lakini barua iliendelea: walikuwa wametoa skrubu, wakakisogeza kioo kwa uangalifu, wakakata ubao mpya katika kile kipande cha akiba, wakapaka rangi na vanishi, na siku ya tisa walikuwa wakitazama Mshtarii na miezi yake minne. Hawakuniuliza wafanye nini. Waliniandikia baada ya kufanya. Sikumbuki barua nyingine iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Ukipata siku moja kuunda chombo, iwe darubini au meza au mtambo wa kuchotea maji, watu watakuambia habari za kitu kinachong'aa, na kingine kilicho ghali, na kingine kinachotumiwa na wakubwa. Wasikilize wote kwa adabu. Kisha kiulize kila kitu maswali matatu: Kazi yako ni nini? Utastahimili vipi hali ya mahali hapa, usiku na mchana? Na siku utakapovunjika, ni nani aliye karibu awezaye kukutengeneza? Kinachojibu vema swali la kwanza ni kingi. Kinachojibu mawili ni haba. Kinachojibu yote matatu aghalabu kiko karibu nawe, hakina sifa, nacho hungoja mtu wa kukipima. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vikadumu ni vile ambavyo muundaji wake aliwafikiria watakaovitumia baada yake.